Vioo vya Bi Picha

Kasri la kilimani lilikuwa limebaki kama mzee aliyeng'oka jino la mbele. Kuta zake nene zilikuwapo, matao yake yalikuwapo, na madirisha yake yalikuwa yamejipanga sawia, saba upande huu na saba upande ule. Hata hivyo, kila aliyelitazama alijua kwamba kuna kitu kimepungua. Kilichopungua kilikuwa mnara wa ngazi. Mnara huo ulianguka miaka themanini iliyopita, baada ya mvua ya siku tisa, na mawe yake yakachotwa moja moja na watu waliokuwa wakijenga nyumba zao. Ikafika siku ambayo hapakuwa na mtu mjini aliyeweza kuapa kwamba ulisimama upande gani. Waliouona kwa macho yao walikuwa wamekwisha kwenda njia ya wote.

Kilichobaki ni picha moja. Ilitundikwa ndani ya fremu nzito katika ofisi ya majengo ya kale. Ilipigwa zamani zile ambapo kamera ilikuwa sanduku la miguu mitatu, na picha ilinaswa kwanza juu ya kioo kilichopakwa dawa, kisha ikachapwa kwenye karatasi. Katika picha hiyo kasri lilikuwa zima, walinzi watano wamejipanga mlangoni, na mnara umechomoza upande wa kulia.

Picha hiyo ndiyo aliyoitegemea Twiga.

Twiga lilikuwa jina la utani. Mwenye jina alikuwa msanifu wa majengo, binti wa miaka ishirini na tisa aliyemaliza chuo kwa alama zilizowaacha wavulana wa darasa lake wakikuna vichwa. Mafundi walimwita hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mrefu kama mlingoti. Pili, walisema wao wakiwa mbali naye, twiga hainami ila akishikwa na kiu.

Kazi aliijua, hilo hakuna aliyelikana. Mstari wake ulinyooka, na hesabu zake hazikurudiwa mara mbili. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba mnara ujengwe upya kama ulivyokuwa, kazi ile, ya kwanza kubwa maishani mwake, akapewa yeye. Kwa miezi saba aliipima ile picha kwa rula, akachora karatasi arobaini na moja. Sasa mawe yalikuwa yamechongwa, na siku ya kuanza kuyapandisha ilikuwa Jumatatu.

Siku ya Alhamisi alifika kilimani kukagua. Kiongozi wa waashi akampungia mkono kutoka ndani ya shimo. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, na wote walimwita Fundi Timazi, kwa sababu ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta kama umesimama wima haikutoka mfukoni mwake. Walisema hata akialikwa harusini hupima kwanza nguzo za hema ndipo aketi.

"Msanifu, hebu njoo uone," akasema. "Huku kushoto tumekuta msingi. Upana wake hatua nne, chokaa ya zamani, mawe yamefumana kama vidole vya mtu anayeomba dua. Huu ulibeba kitu kizito."

"Hata kulia kuna msingi, fundi."

"Wa kulia ni mwembamba. Ule ulibeba ghala, au tangi la maji. Ukiupandishia mnara, ni sawa na kumtwika mtoto gunia."

"Picha inasema kulia."

"Na ardhi inasema kushoto."

"Ardhi haijui kupiga picha, fundi," Twiga akajibu, na waashi wote wakaangua kicheko.

Fundi Timazi hakucheka. Alikung'uta vumbi mikononi taratibu. "Haya, mkubwa. Mimi ni mtu wa mwiko na chokaa. Ila jiwe likishapanda, halishuki kwa maneno."

Twiga aliondoka akiwa amevimba kichwa kwa jibu lake. Lakini njiani neno lile la msingi lilimfuata kama kijiwe ndani ya kiatu.

Jioni hiyo nyumbani, alitandaza nakala ya picha mezani ili apime tena. Meza yenyewe ilikuwa ya mama yake, naye mama alikuwa fundi cherehani.

"Ondoa makaratasi yako juu ya kitambaa cha watu," mama akamwambia. Kisha akainama, akavaa miwani. "Hawa ni akina nani?"

"Walinzi wa kasri, mama. Wa zamani."

"Nani aliwashonea?"

"Mimi nitajuaje?"

Mama akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mabega. "Tazama mfuko wa kifuani. Koti la mwanamume mfuko wake hukaa kushoto, juu ya moyo. Hawa mifuko yao iko kulia. Na vifungo je? Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto, kama blauzi yangu hii."

"Labda fundi alikosea."

"Angekuwa mmoja, ningesema fundi alikuwa na mawazo. Wawili, ningesema kitambaa kilikatwa vibaya. Watano, mwanangu? Fundi anayeharibu makoti matano ya wakubwa hapati nafasi ya kushona la sita." Akavua miwani. "Ndivyo ninavyojiona kwenye kioo nikivaa koti la marehemu baba yako. Kila kitu kimehamia upande wa pili."

Twiga akaivuta nakala chini ya taa. Aliitazama picha tena, na safari hii aliiona. Mwaka wa kwanza chuoni waliwahi kuambiwa, kwa kupitia tu, kwamba picha ya kioo ikichapwa kwa upande usio wake, kushoto hugeuka kulia. Alikuwa ameitazama picha ile miezi saba na hakuwahi kuiuliza swali hata moja. Aliiamini kwa sababu ilikuwa ndani ya fremu.

Akaikunja nakala taratibu huku cherehani ikianza tena kunguruma. Angeweza kunyamaza. Uso wa kasri ulikuwa sawia pande zote, michoro ilikuwa imepigwa muhuri, na hakuna ambaye angejua. Mnara ungesimama kulia, watu wangepiga makofi, na jina lake lingechongwa kwenye jiwe la mlangoni. Na uongo ungesimama pale miaka mia moja, imara, kwa vipimo sahihi kabisa, na wajukuu wa mji wangeletwa kuutazama wakiambiwa kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alimsikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai kisichofika mdomoni.

"Ngoja nielewe," akasema. "Unataka nisimamishe waashi ishirini na wawili kwa sababu mama yako ameona mfuko?"

"Mfuko na vifungo, mkubwa. Na msingi aliouona Fundi Timazi."

"Na michoro niliyoipeleka juu, nikasema ni sahihi, aliichora nani?"

"Mimi."

"Basi sikiliza, binti yangu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kilimani. Ukiniletea kile kioo chenyewe kilichotoa picha, nitasikiliza. Ukiniletea mfuko, tutajenga."

Twiga alitoka kwa hatua nzito, maana kioo kile alijua kilipo. Na alijua zaidi ya hapo.

Miezi minane nyuma, kabla hajachora hata mstari mmoja, alikuja pale ofisini mama mmoja mzee. Mjini walimwita Bi Picha. Baba yake ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kwanza wa mji ule, na yeye mwenyewe alirithi studio na kuchapa picha za watu miaka arobaini. Siku ile alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi adhuhuri, amepakata kisanduku kilichofungwa blanketi kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Twiga alipopita, mama akafunua pembe ya blanketi na kusema ameleta vioo vya kasri.

Twiga hakuketi. Hakuvigusa hata kuvigusa. "Picha ya kasri tunayo, mama, iko ukutani," alisema kutoka juu kule kwenye kimo chake. "Vioo vyeusi hivi tutavifanyia nini? Wapelekee mafundi wa madirisha."

Ofisi nzima ilicheka. Bi Picha alifunika pembe ile ya blanketi, akasema, "Asante, mwanangu," akaenda zake.

Sasa Twiga alikwenda kwake kwa gari la ofisi, na barua yenye muhuri. Nyumba ilikuwa ndogo, nyuma ya studio iliyofungwa siku nyingi. Alibisha hodi, na mlango ulipofunguliwa alinyoosha barua akiwa amesimama wima nje ya kizingiti.

"Shikamoo. Ofisi inaomba ikabidhiwe vioo vyote vinavyohusu kasri, kwa manufaa ya umma."

"Marahaba." Bi Picha akaisoma barua yote, mpaka muhuri akausoma. "Muhuri mzuri. Barua hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Na siku ile aliyenifukuza alikuwa nani?"

"Mama, siku ile tulikuwa na kazi nyingi sana..."

"Na mimi leo nina kazi nyingi. Naanika nguo." Akamrudishia barua, akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza, na upole ule ukamchoma Twiga kuliko kishindo.

Ndani ya gari dereva akauliza, "Vipi, amekataa?"

"Ana jeuri."

"Nani?" akauliza dereva, akawasha gari.

Usiku Twiga hakula vizuri, na mama alipomuuliza alichoambiwa alieleza yote. Mama alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo uliomba, au ulidai?" akauliza, na hakungoja jibu.

Jumamosi Twiga alikwenda kwa miguu. Barua aliiacha mezani. Alimkuta Bi Picha uani, ameketi kwenye kigoda, akikunja nguo zilizokauka. Twiga alisimama kidogo, asijue aweke wapi mikono yake mirefu. Kisha akachutama mbele ya kigoda, hata macho yake yakawa chini ya macho ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hujaja na muhuri?"

"Sijaja nao. Nimekuja na aibu."

"Hiyo ni nzito kuliko muhuri. Itue hapo chini."

Twiga akatoa ya moyoni. "Ulikaa kwenye lile benchi nusu siku, nami sikufunua hata blanketi. Nilikucheka mbele ya watu, wala sikukosea kwa bahati mbaya, nilitaka wacheke. Sasa nimeharibu kazi. Nafikiri mnara nimeuchora upande usio wake, na jibu unalo wewe. Ukininyima ni haki yako. Lakini hata usingekuwa na jibu, ilinipasa nije. Nisamehe, mama."

Bi Picha alikunja shati moja, akalilainisha kwa kiganja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi nimezoea kuchekwa," akasema mwishowe. "Nimewapiga picha watu wasiopendeza miaka arobaini, na wote walisema kosa ni la kamera. Kilichoniuma ni baba. Alipanda kilima kile na punda mmoja na vioo kumi na viwili, barabara ya mawe matupu, akarudi na kumi na viwili. Hakuvunja hata kimoja. Mimi nikavipeleka mahali palipowekwa kwa ajili ya vitu kama hivyo, nikaambiwa dirisha." Akanyoosha ukosi wa shati. "Siku ile nilikuwa nakungoja unyanyue kimoja tu, ukielekeze kwenye mwanga. Basi. Ungekiona mwenyewe."

"Najua."

"Sasa unajua." Akaweka shati juu ya mengine, akainuka kwa kushika kiuno. "Viko chini ya kitanda, ukutani kabisa, ambako hakuna unyevu. Mgongo wangu haunifikishi tena huko. Wako unakunjika?"

Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, kimekaa karibu na sakafu, na nafasi iliyokuwa chini yake ilimtosha paka, si msanifu wa majengo. Twiga alipiga magoti, akaona haifai. Akalala kifudifudi na gauni lake la ofisini, shavu kwenye saruji, akajisukuma kwa viwiko. Utando wa buibui ukamshika paji la uso. Akapiga chafya, akajigonga kisogo, akapiga chafya ya pili. Miguu yake ilibaki nje, imefika karibu na mlango.

"Usilivute kama gunia!" Bi Picha akaamuru kutoka juu. "Polepole. Na usililaze! Kioo hakilazwi, husimamishwa kama vitabu. Ukivilaza, cha juu hukiponda cha chini."

"Mama, shingo yangu!"

"Shingo utaikuta baadaye. Vuta."

Alivuta sanduku la kwanza, halikuwa lenyewe. La pili pia. La tatu lilikuwa limejibana pembeni kabisa, na ilimbidi ageuze uso ukutani ndipo mkono ufike. Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi toka nywele hadi vidole vya miguu, na Bi Picha, ambaye uso wake ulikuwa haujalegea tangu asubuhi, alicheka hata akajishika mbavu.

"Kaa hapo hapo chini," akasema. "Kazi hii haifanywi kwa kusimama. Kikikuponyoka, kianguke karibu."

Akamkabidhi brashi laini, akamkataza kabisa kutumia maji, maana dawa iliyoshika picha hubanduka kama ngozi ya jeraha. Twiga akafuta vumbi kioo kimoja baada ya kingine. Kila alipokielekeza dirishani, palitokea ulimwengu uliogeuza rangi: mbingu nyeusi, kuta nyeupe zimegeuka nyeusi, watu wenye nyuso zilizopauka na nywele za mvi. Cha saba kilikuwa na kasri zima.

"Upande upi wenye dawa?" akauliza Bi Picha.

"Huu unaong'aa?"

"Chuoni walikufundisha nini?"

"Matao, mama."

"Haya. Puliza pembeni kidogo, kama mtu anayesafisha miwani. Sasa puliza na upande wa pili."

Twiga akapuliza. Upande unaong'aa pumzi iliganda ukungu, na upande uliofifia haukushika kitu.

"Usioshika ukungu ndio wenye dawa, na picha iko hapo. Huo ndio unaolazwa juu ya karatasi wakati wa kuchapa. Ukilaza ule unaong'aa, kushoto kunakuwa kulia. Tena picha yenyewe inatoka imefifia, kwa sababu unene wa kioo umeingia katikati."

Twiga akakumbuka kwamba picha ya ofisini ilikuwa na ukungu, na wote walikuwa wakisingizia uzee.

"Ofisi yenu iliazima kioo hiki kwangu kabla hujazaliwa," Bi Picha akaendelea. "Walikirudisha salama, lakini walichokichapa hawakunionyesha. Nami sikuuliza. Nadhani mtu wao alikuwa na haraka." Akagusa pembe ya kioo kwa ukucha, bila kukwaruza. "Baba alikuwa akiandika nambari hapa, juu ya dawa, kwa ncha ya sindano. Aliandika kinyume ili karatasini isomeke sawa. Hiki ni arobaini na saba. Nendeni mkafungue fremu yenu, maana pembe ya picha imefichwa na ubao wake. Mkikuta nambari imesimama sawa, jengeni kulia, nami nitakuja kupiga makofi."

"Na ikiwa imegeuka?"

"Utakuwa na maneno ya kusema. Nami nitakuwapo kuyasikia, kwa sababu kioo hiki hakitoki hapa bila mimi."

Jumatatu saa mbili kasoro, waashi walikuwa wamekusanyika kilimani. Chokaa ilikuwa imekorogwa, na jiwe la kwanza lilikuwa limefungwa kamba, tayari kunyanyuliwa juu ya msingi wa kulia. Mkurugenzi alikuwapo, na kwa ombi la Twiga fremu nzito ilikuwa imeletwa kutoka ofisini. Bi Picha aliketi kwenye kiti alicholetewa, kisanduku mapajani, blanketi juu yake.

Fundi Timazi alipewa kisu. Akakata karatasi ya nyuma ya fremu kwa uangalifu, akang'oa misumari midogo mmoja mmoja, akainua ubao. Pembe ya picha iliyokuwa imefichwa miaka yote ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine, na ndani yake palikuwa na nambari arobaini na saba, ndogo, safi, imegeuka kinyume kama unayoiona kwenye kioo cha kinyozi.

Bi Picha akafunua blanketi, akakiinua kioo kuelekea angani, upande wa dawa ukiwa mbali na macho ya watu. Waashi wakasogea, wakakunja shingo. Kasri lilikuwa pale, zima, dogo kama kiganja, na kila jiwe lake lilionekana. Mnara ulikuwa kushoto. Juu ya mlango wake palikuwa na nakshi ya majani yaliyosokotana, ambayo kwenye picha ya ofisini ilikuwa doa tu.

Mkurugenzi alimgeukia Twiga, uso umemsawijika. "Miezi saba ya michoro?"

Twiga alihisi macho ya watu wote yakimwelemea. Lakini sauti ilipotoka ilitoka imenyooka.

"Kosa ni langu, mkubwa. Fundi Timazi aliniambia msingi uko kushoto, nikamjibu kwa mzaha. Mama huyu alituletea kioo mpaka mlangoni miezi minane iliyopita, nikamfukuza kwa mzaha mwingine. Kama ningewasikiliza, tusingekuwa hapa. Sasa naomba wiki tatu. Nitachora upya kutoka kwenye kioo chenyewe, na mawe yaliyochongwa yatafaa karibu yote kwa sababu vipimo havibadiliki, kinachobadilika ni upande. Mwenye kunikosoa safari hii atakuwa fundi, kabla ya muhuri, si baada."

Mkurugenzi akamtazama Fundi Timazi. "Unasemaje?"

"Mimi nasema wiki tatu ni chache kuliko miaka mia," akajibu fundi. Kisha akamgeukia Twiga, na meno yake yote yakaonekana. "Na ardhi, msanifu, kumbe inajua kupiga picha kidogo."

Safari hii Twiga alicheka pamoja nao, na akacheka kuliko wote. Mkurugenzi akafuta jasho, akaitazama tena ile nambari iliyogeuka, akaamuru jiwe lifunguliwe kamba.

Mnara ulipanda upande wa kushoto, juu ya msingi wenye upana wa hatua nne. Ngazi zake zilihesabiwa kwenye kioo kwa lenzi, na nakshi ya majani ikachongwa jani kwa jani huku Bi Picha akiwa ameketi karibu, akiwaonya wachongaji pale walipotaka kuongeza la kwao. Twiga na Fundi Timazi waligombana kila asubuhi juu ya jambo fulani, na kila walipogombana mchoro ulitoka bora zaidi.

Habari zikaenea, kwani masanduku ya Bi Picha yalikuwa mengi. Baba yake alizunguka miji mingi na punda wake. Ndani ya vioo vile mlikuwa na majumba ambayo sasa hayakuwa na paa, na mengine ambayo hata msingi haukuonekana tena. Kila Jumamosi Twiga alikwenda kuyatoa masanduku, akasafisha vioo, akaandika nambari zake daftarini, na kurudisha kila kioo kikiwa kimesimama.

Jumamosi moja Mkurugenzi mwenyewe alifika. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri na viatu vilivyong'aa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimesikia unacho kioo cha kasri la bondeni, kabla halijaungua. Tunataka kulijenga, na hatuna picha hata moja."

"Ninacho. Sanduku la mwisho, kwenye pembe ya ukuta."

Mkurugenzi akamtazama Twiga. Twiga akaanza kuinuka, lakini Bi Picha akamshika bega.

"Wewe keti. Umeshatoa masanduku tisa. Kasri la bondeni analihitaji nani?"

Mkurugenzi alikitazama kitanda, akavitazama viatu vyake, akamtazama yule mama, ambaye hakuwa na haraka yoyote. Kisha akavua koti, akampa Twiga alishike, akavuta suruali juu kidogo magotini, akashuka. Baada ya muda mfupi kilichoonekana ni soli mbili za viatu, na kilichosikika ni chafya.

"Usililaze!" Bi Picha akamwambia.

"Sililazi, mama," ikajibu sauti kutoka gizani, kwa adabu zote.

Twiga akakunja lile koti vizuri mkononi, wala hakucheka, kwa kuwa aliijua sakafu ile. Vyeo na elimu, suti na muhuri, vyote viliishia ukingoni mwa kitanda kile. Yaani mtaka cha mvunguni sharti ainame.